Matofali 20 ya resini na bango moja la kizamani: seti ya athropoda baada ya mihula mitatu

Nianze na tofali namba 14, maana ndilo lililonikalisha chini kuandika. Lebo yake inasema "Jongoo wa kujiviringa". Ndani yake kuna kiumbe wa kijivu, saizi ya ukucha wa kidole cha mwisho, amejikunja nusu kama mtu aliyelala huku tumbo linamkata. Lebo hiyo ni ya uongo. Mbele nitaeleza kwa nini uongo wenyewe umekuja kunipendeza kuliko kitu kingine chochote kwenye boksi hili, ila kwanza mjue ni bidhaa gani hii na anayeisema ni nani.

Mimi ni fundi wa maabara. Si mwalimu, ingawa wanafunzi wananiita Mwalimu na nimeshachoka kuwakatalia. Kazi yangu ni kuosha mirija na bika, kuhakikisha nyembe zilizotoka kabatini zimerudi zote, na kuongeza fomalini kwenye chupa za vielelezo kabla hazijakauka. Kwa miaka 19 athropoda wetu, yaani wanyama wa jamii ya nge, kaa, tandu na nyuki, waliishi kwenye chupa hizo. Nge alikuwa amebaki kiwiliwili tu. Miguu ilikuwa imelundikana chini ya chupa kama njiti za kiberiti. Ukimwambia mwanafunzi ahesabu jozi za miguu ya nge wa namna hiyo unamwonea bure. Na nilipofungua kabati, nusu ya darasa walikuwa wanafuta machozi kabla somo halijaanza.

Kwa hiyo Madamu wa baiolojia alipokuja na tangazo la vielelezo vikavu vilivyomiminiwa resini, ile plastiki angavu inayoganda, sikubishana naye. Tukaagiza mtandaoni. Boksi lilifika bila ufa: matofali 20 madogo, kila moja kwenye shimo lake la sponji nyeusi, lenzi ya mkono inayokuza mara 10, kitabu cha mwongozo, na bango la ukutani lenye kichwa "Athropoda katika Himaya ya Wanyama". Waliotengeneza siwataji. Nimeshaona picha za seti nyingine tatu zenye bango hilo hilo lililobadilishwa rangi tu, kwa hiyo nitakayoyasema hayamhusu mmoja.

Resini ni nzuri, hilo niliseme mapema. Mwanga unapita bila ukungu, kingo zimesuguliwa, na tofali likianguka sakafuni (yameanguka, tena si mara moja) linapiga kelele ya kutisha, unaliokota, halina hata mchubuko. Nge ndiye fahari ya boksi. Jozi nne za miguu ya kutembelea, magando mawili mbele, mkia umeinuliwa, na ukimgeuza, chini ya tumbo, vile viungo viwili mithili ya vichana ambavyo katika athropoda wote walio hai ni nge peke yao walio navyo, wanapapasia ardhi. Miaka yote 19 sikuwahi kuviona kwenye chupa yangu.

Kipepeo ndiye aliyeharibika. Hewa imenasa katikati ya magamba ya mabawa, na sasa ana mabaka ya fedha kama karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara. Uduvi amekuwa mweupe, huoni kitu ndani. Panzi alikuja wa kijani. Muhula wa tatu huu ni rangi ya jani kavu. Gundi ya lebo nayo ni ya kubahatisha. Siku moja nilikuta lebo ya "Nyuki" imeganda kwenye kiwiko cha mwanafunzi, kaenda nayo mpaka kipindi cha hisabati.

Sasa namba 20. Siku ya kufungua boksi nililinyanyua, nikaliangalia huku na huku, nikaliweka kando kwa ajili ya malalamiko. Lilikuwa tupu. Lebo inasema "Kolembola", lakini ndani hamna kitu, labda punje ya vumbi. Nilishaanza kuandika barua kali. Kijana mmoja mkimya wa benchi la nyuma akaomba lenzi, akaliinamia kama dakika tatu hivi, akasema, "Mwalimu, vumbi lina miguu."

Lilikuwa na miguu sita. Mnyama mzima hafiki milimita mbili, ana vipapasio vifupi, na chini ya mkia ana kitu kama uma uliokunjwa kuelekea tumboni. Ndiyo springi yake: akishtuka anaufyatua uma dhidi ya ardhi na anaruka mbali kwa mara nyingi urefu wa mwili wake. Nilifuta barua. Na hapo ndipo seti ilipoanza kutufundisha kitu ambacho kwenye bango hakimo, kwamba kuwa na miguu sita hakukufanyi uwe mdudu. Kolembola ni heksapoda, yaani wa miguu sita, lakini sehemu zake za mdomo zimefichwa ndani ya mfuko wa kichwa, na tumbo lake lina pingili sita tu, wakati wadudu halisi wana sehemu za mdomo zilizo nje na kwa asili pingili kumi na moja tumboni. Wataalamu wengi leo wanamweka nje ya wadudu, kama jamaa wa jirani.

Hili neno mdudu nalo ni kesi. Kiswahili chetu humwita mdudu kila kitambaacho: buibui mdudu, tandu mdudu, kupe mdudu. Nilikuwa naona aibu kwa niaba ya lugha mpaka nilipojua kwamba Linnaeus mwenyewe, Mswidi aliyeweka mfumo wa kuwapa viumbe majina, kwenye toleo la 10 la kitabu chake la mwaka 1758 ambalo ndilo msingi wa majina ya wanyama mpaka leo, alifanya vilevile. Wanyama wote aliwagawa katika ngeli sita, na ngeli ya Insecta akaijaza nge, buibui, kaa, tandu na jongoo pamoja na nyuki na kipepeo. Jina Arthropoda lilikuja baadaye, mwaka 1848, kutoka kwa Mjerumani von Siebold, kwa maneno mawili ya Kigiriki: kiungo na mguu. Wenye miguu yenye viungo. Kwa hiyo bibi yako akisema buibui ni mdudu, mwambie yuko sawasawa kwa hesabu za 1758.

Na ngeli! Darasa lilicheka mpaka Madamu akasimamisha somo. Kwao ngeli ni A-WA, LI-YA na KI-VI. Hawakutarajia kuikuta kati ya faila na oda, kwenye ngazi za kupanga viumbe. Mmoja akauliza buibui yuko ngeli ya A-WA au ya Araknida, ile ya buibui na nge. Nikamwambia zote mbili, aende kakague.

Kitabu cha mwongozo kina kurasa chache na Kiswahili chake kinasomeka. Nguvu yake ni ufunguo wa utambuzi ulio katikati, ule wa kuuliza na kuchagua njia. Swali la kwanza: ana vipapasio? Kama hana, ni Keliserata, kundi la buibui, nge na kupe, ambao badala ya taya wana kelisera, vile vikoleo viwili vilivyo mbele ya mdomo. Kama anavyo, swali la pili: jozi ngapi? Mbili, ni Krustasia, jamii ya kaa na kamba. Moja, nenda swali la tatu: miguu mingapi? Jozi tatu, heksapoda. Zaidi, Miriapoda, yaani tandu na jongoo.

Mpangilio wa maswali haya umekaa vizuri kuliko unavyodhani, na aliyenionyesha ni kupe. Tofali namba 4 lina kupe watatu waliopangwa mstari: mchanga aliyetoka kwenye yai, tunutu, na mkubwa. Yule mchanga ana miguu sita. Jozi ya nne huja baada ya kujivua gamba mara ya kwanza. Darasa lenye wanafunzi wanaopenda kukimbilia miguu (na wote wanakimbilia miguu) litakuambia wale wawili ni kupe na yule mdogo ni mdudu kaingia kimakosa. Anayefuata ufunguo anakagua kichwa kwanza, anakuta hakuna vipapasio, na miguu haimbabaishi tena. Tofali hilo moja nimelitumia zaidi ya bango zima.

Tandu yuko namba 11, na amelazwa kwa ustadi, miguu yote imeachana. Tulihesabu jozi 21. Tandu aliyekomaa daima ana idadi witiri ya jozi, haijalishi ni 15 au zaidi ya 100, na ile jozi ya kwanza nyuma ya kichwa imegeuka kuwa makucha ya sumu. Kung'atwa na tandu, kwa maneno mengine, ni kufinywa kwa miguu. Jongoo mrefu, namba 12, ana jozi mbili kwa karibu kila pingili, kwa sababu kila pingili yake ni mbili zilizoungana. Kitabu kinasema hakuna jongoo mwenye miguu 1,000. Hilo lilikuwa kweli hadi 2021, alipotangazwa jongoo kutoka chini ya ardhi ya Australia mwenye miguu 1,306. Kosa dogo, tunasamehe.

Haya, namba 14.

Msichana mmoja, mbishi kwa asili na namshukuru Mungu kwa hilo, alifika na matofali 12 na 14 mikononi. Akauliza: kama wote ni jongoo, kwa nini huyu wa mviringo ana jozi moja moja? Nilimwambia asome lebo. Akasema, "Lebo nimeisoma, Mwalimu, lakini nimeligeuza." Nikaligeuza na mimi. Kwa kuwa mnyama amejikunja nusu tu, upande wa chini unaonekana, na pale kila bamba lina mguu mmoja kulia, mmoja kushoto. Jozi saba jumla. Kwa nyuma, badala ya ngao moja pana inayofunga duara la jongoo wa kujiviringa, kuna vibamba vyembamba vilivyopangana kama vigae, na ncha mbili ndogo.

Huyo si jongoo hata kidogo. Ni krustasia, ndugu wa kaa, yule wa kijivu unayemkuta chini ya mawe na magogo mabichi, ukimgusa anajifanya kidonge. Ametoka majini lakini hajaachana nayo kabisa: anapumua kwa vibamba vilivyo chini ya mkia, ambavyo havifanyi kazi visipokuwa na unyevu, ndiyo maana humkuti juani. Jongoo wa kujiviringa yupo kweli duniani, wa familia tofauti kabisa, na wawili hawa wakijikunja ni shilingi kwa ya pili. Hawana undugu wa karibu. Kila mmoja amevumbua kujiviringa kwake kivyake, kwa sababu anayetaka kuzuia meno ya adui na huku asikauke hana njia nyingi.

Nilitaka kujua aliyeandika lebo aliteleza wapi, nikampitisha mnyama kwenye ufunguo wao wenyewe. Ana vipapasio? Ndiyo. Jozi ngapi? Kwa lenzi ya mara 10 unaona moja. Miguu? Zaidi ya jozi tatu. Jibu: Miriapoda. Kumbe lebo imetoka kwenye kitabu! Nikaliweka tofali chini ya hadubini ya kupasulia, nikahangaika na taa kama robo saa, na pale katikati ya vipapasio virefu nikaona viwili vingine, vifupi kama vishina vya ndevu. Jozi ya pili ipo, ila kwa krustasia hawa wa nchi kavu imesinyaa mpaka karibu itoweke. Ufunguo haujakosea kanuni. Umekosea kudhani kila mtu ana hadubini. Kuna hata heksapoda wadogo wa udongoni, Protura, wasio na vipapasio kabisa, ambao ufunguo huu ungewapeleka moja kwa moja kwa buibui. Seti haina Protura, na nadhani ni kwa heri.

Niliwaandikia wauzaji, nikaambatanisha picha. Walijibu baada ya siku mbili kwa upole mkubwa, wakashukuru kwa umakini wangu, na baada ya wiki tatu ikafika bahasha yenye lebo mpya. Imeandikwa "Jongoo wa kujiviringa", kwa herufi kubwa zaidi.

Nikaandika tena. Hiyo sehemu ya huduma kwa wateja naipa nyota mbili, moja ikiwa ya upole.

Namba 9 nayo imempiga chenga kila aliyejaribu ufunguo, lakini hapo kitabu kimekiri chenyewe. Ni kile kiumbe cha gamba jeupe kigumu kinachoganda kwenye miamba ya pwani na matumbo ya meli. Huoni kipapasio, huoni mguu, unaona kakilele kadogo ka chokaa kenye mlango juu. Mpaka 1830 wataalamu wengi walimhesabu pamoja na konokono na chaza, ndipo John Vaughan Thompson alipofuatilia vitoto vyake vinavyoogelea na kukuta ni vya krustasia mtupu. Mkubwa amejigandisha kwa kichwa, na ile miguu ya manyoya anaitoa mlangoni kukamatia chakula. Tofali limekatwa nusu ili miguu ionekane. Aliyebuni hilo apewe mkono.

Sasa bango. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na bango hili ndilo lililowekwa mbele kwenye tangazo.

Ni zuri kwa macho, sikatai. Mti wenye matawi manene, picha za rangi, himaya chini, faila katikati, ngeli juu. Tatizo ni mti wenyewe. Tawi la athropoda limechorwa likichipuka bega kwa bega na Anelida, nyungunyungu na ruba, kwa maelezo kwamba wote wana pingili. Hayo ni mawazo ya Cuvier, mtaalamu wa wanyama wa Kifaransa, mwanzoni mwa karne ya 19, na yalitamba muda mrefu kwa sababu yanaingia akilini: mtazame nyungunyungu, mtazame tandu, utasema baba mmoja. Lakini mwaka 1997 watafiti walilinganisha jeni ya ribosomu ya wanyama wengi, na athropoda wakaangukia upande mwingine kabisa, kwa minyoo duara, wale laini wasio na pingili wanaojulikana zaidi kwa kuishi tumboni mwa watu. Kinachowaunganisha ni kujivua gamba. Kundi likaitwa Ekdisozoa, wanyama wa kujivua, na tafiti zilizofuata zimelitia nguvu. Nyungunyungu yeye kaenda kukaa karibu na konokono. Pingili alizipata kivyake, kama vile yule wa namba 14 alivyojifunza kidonge kivyake.

Kinachoniudhi ni kwamba kwenye boksi hilo hilo kuna ushahidi. Tofali namba 16 ni gamba tupu la tunutu wa kereng'ende, limepasuka mgongoni pale mwenyewe alipotokea, na ndani yake unaona nyuzi nyeupe, ambazo ni bitana la mirija ya kupumulia. Anajivua hadi bitana la mirija! Ukimwonyesha mtoto kitu hicho, hahitaji bango kumwambia kwamba kujivua gamba ni jambo zito mwilini na si kubadilisha shati. Waliokusanya vielelezo walijua wanachofanya. Waliochora bango wakakaa chumba kingine.

Kosa la pili ni kubwa zaidi. Bango linawafunga wadudu, tandu na jongoo kwenye fundo moja liitwalo Uniramia, kwa hoja kwamba mguu wao ni tawi moja, tofauti na wa krustasia wenye matawi mawili. Krustasia wamechorwa mbali, tawi lao peke yao. Mimi mwenyewe nilifundishwa hivyo, na nimewahi kuwabishia watu kwa nguvu. Tafiti za jeni zimeivunja hoja hiyo. Moja maarufu ya 2010 ilipima jeni 62 kutoka athropoda 75, na wadudu wakatokea ndani ya krustasia. Si karibu yao, ni ndani. Kundi lote sasa huitwa Pankrustasia. Miongoni mwa wanaotajwa kuwa jamaa wa karibu zaidi wa wadudu ni Remipedia, vipofu weupe waogeleao kwenye mapango yenye maji ya bahari, ambao aliye hai wa kwanza alielezwa 1981 tu.

Maana yake ni kwamba nyuki ana undugu wa karibu zaidi na uduvi kuliko na tandu. Na maana nyingine ni kwamba ukisema "krustasia" ukawaacha wadudu nje, umehesabu watoto wa mama mmoja ukamruka mmoja kwa sababu ana mabawa. Madamu aliposikia hivyo alikaa kimya, kisha akasema mtihani bado unauliza kwa mpangilio wa zamani. Ni kweli. Tumekubaliana: kwenye karatasi ya majibu wanaandika makundi manne yaliyo hai na Trilobita waliokufa, lakini mezani wanajua mipaka ya makundi hayo haiko sawa yote.

Mchwa, kwa mfano, bango limempa oda yake mwenyewe, Isoptera. Tangu 2007 ushahidi wa jeni umemrudisha ndani ya oda ya mende, kama mende waliojifunza kuishi kwa ukoo. Kuna mende wala magogo, Cryptocercus, ambao wanabeba tumboni vijidudu vya aina moja na vya mchwa. Darasa halikufurahi. Mchwa wanamheshimu, mende hawamheshimu.

Trilobita ni nakala ya plasta, namba 1, na imetengenezwa vizuri. Jina lina maana ya sehemu tatu, na kila mwanafunzi hudhani ni kichwa, kifua na mkia. Sizo. Ni sehemu tatu kwa urefu, uti katikati na mbavu kulia na kushoto. Pitisha kidole utazisikia. Waliishi bahari zote zaidi ya miaka milioni 250 na wakamalizika miaka milioni 252 hivi iliyopita. Zaidi sina la kusema juu ya plasta.

Kilichokosekana ni uwiano. Kati ya matofali 20 kuna mbawakavu mmoja tu, tena mweusi wa kawaida, ilhali mbawakavu wana karibu spishi 400,000 zilizopewa majina, kama robo ya spishi zote za wanyama zilizoelezwa. Vipepeo wamewekwa wawili. Mbawakavu hauzi tangazo, naelewa, lakini mtoto anaondoka akidhani vipepeo ndio wengi.

Kwa hiyo: vielelezo nyota nne na nusu (nusu nimemkata kipepeo), lenzi tano, ufunguo tatu na nusu kwa sababu maswali yake yamepangwa kwa akili, bango moja. Kama unanunua kwa ajili ya darasa, nunua, ila usilibandike bango mpaka kalamu nyekundu iwe imepita. Letu limebandikwa karibu na sinki. Wanafunzi wamekata fundo la Uniramia, wamechora mshale kutoka kwa nyuki hadi kwa uduvi, na mtu fulani, sijui nani, amemchora nyungunyungu akiondoka na begi.

Lebo sahihi ya namba 14 ilifika mwezi uliopita, baada ya barua yangu ya tatu. "Krustasia", imeandikwa vizuri, haina kosa. Iko kwenye droo ya juu pamoja na vibanio. Sijaibandika na sitaibandika. Nalitoa tofali likiwa na lebo yake ya jongoo, naliweka mezani pamoja na mengine, sisemi kitu. Muhula huu wanafunzi saba wamelirudisha wakisema kuna tatizo. Wa nane alikuja jana, hakusema neno. Aliliweka mbele yangu likiwa limegeuzwa tumbo juu, akasimama akingoja.